Familia nzima darasani: Kujifunza Kihispania mjini Antigua, Guatemala

Saa mbili asubuhi, katika ua wa nyumba ya kale mjini Antigua, meza ndogo za mbao hupangwa chini ya baraza, kila moja na viti viwili. Kiti kimoja ni cha mwalimu na cha pili ni cha mwanafunzi mmoja tu. Familia yenye baba, mama na watoto wawili huketi kwenye meza nne zilizotengana, na kwa muda wa saa nne au tano hakuna anayemsemea mwenziwe.

Mpango huo wa mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja ndio ulioipa Guatemala sifa yake katika kufundisha Kihispania. Nchi hiyo, inayopakana na Mexico upande wa kaskazini, hupokea wanafunzi kutoka Marekani, Kanada na Ulaya. Baadhi yao huja kama familia nzima katika likizo za shule. Kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, ambako zaidi ya watu milioni 40 huzungumza Kihispania majumbani mwao, lugha hiyo si ya mbali. Mzazi huisikia ghalani na hospitalini anakofanya kazi, na mtoto huisikia kwenye basi la shule. Mara nyingi mtoto huwa amekwisha kuokota maneno mengi kabla mzazi hajajua kusalimu.

Hapo ndipo penye uzito wa safari ya namna hii. Katika nyumba nyingi za wahamiaji, mtoto ndiye mkalimani: humsindikiza mama kwa daktari, husoma barua ya mwenye nyumba, hujibu simu ya benki. Lugha ya nchi humweka mtoto mbele na mzazi nyuma, na heshima ya nyumbani huyumba kwa namna ambayo haizungumzwi sana. Kihispania kinachosomwa na wote kwa pamoja, katika nchi ambayo hakuna aliyekulia, hubadili mpangilio huo, kwani wote huanzia karibu na sifuri. Isitoshe, mzazi anayekijua Kiswahili vizuri hugundua kwamba ana kitu mkononi ambacho mwanawe, aliyezoea Kiingereza, hana.

Vokali za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, nazo hutamkwa karibu sawasawa na za Kiswahili. Neno huandikwa kwa kiasi kikubwa kama linavyosikika. Msemaji wa Kiingereza hutumia siku kadhaa kuzifunga vokali zake zisiyumbe, ilhali msemaji wa Kiswahili hulipita somo hilo siku ya kwanza.

Sarufi nayo humkaribisha. Kihispania hakisemi mtu "yu njaa", bali kwamba ana njaa: "tengo hambre", neno kwa neno kama "nina njaa". Mtoto haambiwi "ni" wa miaka minane. Ana miaka minane, "tiene ocho años". Nafsi hukaa ndani ya kitenzi, kiasi kwamba "hablo" latosha kama "nasema" linavyotosha, bila kiwakilishi mbele yake. Yambwa hutangulia kitenzi: "lo veo" hufuata mpangilio wa "namwona". Hata hali ya matakwa, ambayo huwatesa wanafunzi wengi wa Kihispania kwa miezi, ina ndugu yake: anayesema "nataka mtoto aende" amekwisha kugeuza kiishio cha kitenzi kwa sababu ile ile inayomfanya Mhispania aseme "quiero que el niño vaya". Vivyo hivyo kwa upatanisho wa sifa. Anayesema "nyumba nyeupe" na "kitabu cheupe" hawezi kushangazwa na "casa blanca" na "libro blanco". Ngeli za Kihispania ni mbili tu, na kwa aliyelelewa na ngeli za Kiswahili hiyo ni nafuu kubwa.

Kuna na undugu wa maneno, uliopitia njia mbili. Kiarabu kilitawala sehemu za Uhispania kwa karne nyingi, na kilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa biashara na dini. Ndiyo maana "azúcar" ni sukari, "azafrán" ni zafarani, "aceituna" ni zeituni, na "cifra", yaani tarakimu, ni jamaa wa sifuri. La kupendeza zaidi ni "hasta", ambalo lina asili moja na "hata" ya Kiswahili na limehifadhi maana zote mbili: "toka asubuhi hata jioni", na pia "hata watoto". Njia ya pili ni Kireno, ndugu wa karibu wa Kihispania, kilichoacha pwani maneno kama meza, bendera na mvinyo. Kihispania husema "mesa", "bandera" na "vino".

Yapo pia mashimo. Kiswahili hakimtofautishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi, hivyo mzazi atachanganya "él" na "ella" kwa muda mrefu. Hapo mtoto mwenye Kiingereza humkosoa. "Por" na "para" zote huelekea kwenye "kwa" moja ya Kiswahili, na hakuna njia ya mkato. Na penye Kiswahili "amechoka", Kihispania hudai uchaguzi baina ya vitenzi viwili vya kuwa, kimoja cha asili ya mtu na kingine cha hali aliyomo. Hapa tofauti ya "ni mwalimu" na "yuko nyumbani" husaidia nusu ya njia tu.

Familia ikisomea mambo haya kwa Kiswahili jioni, mezani, hupata faida mbili kwa mara moja. Mtoto aliyeanza kuiona lugha ya wazazi wake kuwa ya jikoni tu huiona sasa ikifungua mlango ambao Kiingereza hakikuufungua. Walimu wengi wa Antigua, kwa desturi, huhimiza familia isitumie kabisa lugha yake nyumbani. Ushauri huo una mantiki kwa kijana aliyesafiri peke yake. Kwa familia ambayo Kiswahili chake chenyewe kimo hatarini kupotea, ni ushauri wa kupimwa kabla ya kufuatwa.

Mji wenyewe una historia ndefu. Ulianzishwa katika bonde la Panchoy mwaka 1543 ukiwa makao makuu ya utawala wa Kihispania katika eneo kubwa la Amerika ya Kati. Tetemeko la ardhi la Julai 1773 liliuangusha, na mwaka 1776 makao makuu yakahamishiwa penye Jiji la Guatemala la leo, kiasi cha kilomita 40 kutoka hapo. Waliobaki waliishi kati ya makanisa yaliyobomoka, ambayo mengi hayakujengwa tena. Mwaka 1979 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Juu yake zimesimama volkeno tatu, Agua, Acatenango na Fuego. Jina la hii ya mwisho maana yake ni moto, na usiku watoto huweza kuiona ikirusha cheche kutoka kwenye dari za nyumba. Si mchezo, hata hivyo: mlipuko wake wa tarehe 3 Juni 2018 ulifukia vijiji na kuua mamia ya watu upande wa pili wa mlima.

Mafunzo ya lugha kwa mtindo huu yaliimarika mjini humo baada ya kuanzishwa kwa Proyecto Lingüístico Francisco Marroquín mwaka 1969, taasisi isiyo ya kibiashara iliyofundisha Kihispania kwa wageni. Jambo lisilojulikana na wageni wengi ni kwamba taasisi hiyo hiyo iliwafunza Wamaya isimu, ili waandike wenyewe kamusi na sarufi za lugha zao. Guatemala ina lugha 22 za Kimaya, pamoja na Kigarifuna na Kixinka. Sheria ya mwaka 2003 ilizitambua kuwa lugha za taifa, ingawa Kihispania kilibaki lugha rasmi. Mama anayeuza vitambaa sokoni Antigua huenda ni Mkaqchikel, ambaye Kihispania kwake pia ni lugha ya pili aliyojifunza kwa lazima. Mgeni anayezungumza naye polepole, kwa makosa, huwa amekutana na mtu anayejua mwenyewe ugumu wa kazi hiyo.

Wanafunzi wengi hulala katika nyumba za wenyeji na kula hapo milo mitatu kwa siku, isipokuwa Jumapili. Mwenyeji huitwa "doña" likifuatiwa na jina lake, na heshima hiyo haimshangazi mtoto aliyefunzwa kutomwita mkubwa kwa jina tupu. Mtu akipita penye watu wanaokula husema "buen provecho", nao hushukuru. Mezani kuna maharage meusi, ndizi za kukaanga, mikate ya mahindi iitwayo tortilla, na mara nyingine uji wa mahindi uitwao atol. Familia kutoka Kivu au Kigoma haitaona ugeni mkubwa. Shule nyingine hupendekeza wanafamilia wagawanywe katika nyumba tofauti ili walazimike kuzungumza. Kwa watoto wadogo hilo halifai. Kwa kijana wa miaka kumi na sita linaweza kumfaa sana, akiwa mtaa mmoja na wazazi wake.

Watoto hawaendi kwa mwendo mmoja na wakubwa. Mdogo huweza kukaa siku nyingi bila kutoa sentensi, akisikiliza tu, na wazazi hudhani hajifunzi. Ukimya huo ni wa kawaida, nao hukatika ghafla, mara nyingi uwanjani penye mpira. Saa nne za kukaa kitini ni nyingi mno kwa mtoto wa chini ya miaka kumi. Mwalimu mzuri humpeleka sokoni kununua embe, au humfundisha namba kwa mchezo wa karata. Ni busara kuuliza mapema kama shule ina walimu waliozoea watoto, na kama ndugu wawili wanaweza kushiriki mwalimu mmoja. Malipo huhesabiwa kwa kila mwalimu, na familia ya watu watano italipia walimu watano isipoomba mpango mwingine. Sarafu ni quetzal, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kati ya 7 na 8 kwa dola moja.

Saa ndefu za mazungumzo ya watu wawili huleta pia yale yasiyo ya kitabuni. Guatemala ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1960 hadi mkataba wa amani wa 1996, na tume ya ukweli ilikadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kupotezwa, wengi wao wakiwa Wamaya. Walimu wa umri wa makamo waliishi sehemu ya miaka hiyo. Mwanafunzi aliyewahi kukimbia vita Kongo au Burundi huweza kujikuta, katika juma la pili, akijaribu kueleza maisha yake kwa wakati uliopita wa lugha aliyoianza juzi. Wapo watakaoona faraja katika hilo, na wapo wasiopenda. Mtu ana haki ya kumwomba mwalimu wazungumzie mambo mengine, na kwa upande wake ni vema asubiri mwenyeji aanze kabla ya kumuuliza habari za vita.

Mvua hunyesha tangu Mei hadi Oktoba, hasa alasiri, kwa hiyo likizo ya Juni na Julai huangukia masika. Asubuhi huwa kavu. Watoto wa Guatemala huwa shuleni miezi hiyo, nao hurudi mchana wakiwa tayari kucheza. Juma Kuu la kabla ya Pasaka lina maandamano makubwa na mazulia ya vumbi la mbao la rangi yanayotandazwa barabarani, lakini nyumba hujaa na bei hupanda. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku huhitaji sweta. Maji ya bomba hayanywewi bila kuchemshwa au kuchujwa.

Kinachoweza kuizuia safari kabisa ni hati. Raia wa Marekani huingia kwa ruhusa ya siku 90, inayohesabiwa pamoja na siku za El Salvador, Honduras na Nicaragua. Mwenye pasipoti ya nchi ya Afrika, hata akiwa mkazi wa kudumu wa Marekani, lazima aulize ubalozi mdogo wa Guatemala kuhusu viza kabla ya kulipia tiketi. Aliyeingia Marekani kama mkimbizi na hajapata uraia wala ukazi wa kudumu anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi. Hiyo huombwa akiwa bado ndani ya Marekani, hudumu mwaka mmoja, na huweza kuchukua miezi kutolewa. Katika familia moja baba anaweza kuwa na hati hiyo, mama pasipoti ya Kongo, na mtoto wa mwisho pasipoti ya Marekani. Kila mmoja aulizwe habari zake peke yake. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe barua ya ridhaa ya mzazi mwingine, iliyothibitishwa kisheria.

Majuma mawili hayamfanyi mtu kuwa msemaji. Humwezesha kusalimu, kununua, kuuliza njia na kusimulia alichofanya jana. Walimu wengi hukubali kuendelea kufundisha kwa intaneti mwanafunzi akisharudi kwake, na kamusi za Kihispania na Kiswahili ni adimu. Daftari la safu mbili lililoandikwa mezani Antigua, "tengo sed" upande huu na "nina kiu" upande ule, litabaki kuwa kitabu cha familia kwa muda.