Zabuni za halmashauri nchini Tanzania

Zabuni za halmashauri (wengi husema tenda) ni njia ambayo serikali za mitaa nchini Tanzania hutumia kununua bidhaa, huduma na kazi za ujenzi kutoka kwa watu na kampuni binafsi. Anayeomba kuuza huitwa mzabuni. Utaratibu huu unaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 pamoja na kanuni zake za mwaka 2024, na unasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA).

Makala hii inamtazama hasa mzabuni mdogo wa kijijini, kwa mfano wa Mvumi, iliyo kusini-mashariki mwa jiji la Dodoma katika Halmashauri ya Wilaya ya Chamwino. Mtu wa namna hiyo huuza mchanga, kokoto, unga, maharage, madawati au vifaa vya ofisi. Mara nyingi hashindwi kwa sababu bidhaa zake ni mbaya. Hushindwa kwa sababu hakujisajili mapema, au kwa sababu hakuhesabu gharama ya kungoja malipo.

Historia

Kabla ya mwaka 2001 ununuzi wa serikali kuu ulipitia Bodi Kuu ya Zabuni. Sheria Na. 3 ya mwaka 2001, na baadaye Sheria Na. 21 ya mwaka 2004 iliyoanzisha PPRA, zilisogeza maamuzi kwa taasisi zenyewe, zikiwemo halmashauri. Sheria ya mwaka 2011 ilifuata na kufanyiwa marekebisho mwaka 2016. Marekebisho hayo ndiyo yaliyozitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu.

Zamani matangazo yalibandikwa kwenye mbao za halmashauri na kuchapwa magazetini, na bahasha zilizofungwa zilitumbukizwa katika sanduku la zabuni. Aliyekaa mbali na makao makuu ya wilaya alipata habari siku ya mwisho, au hakuzipata kabisa. Mwaka 2023 ulianza kutumika mfumo wa kielektroniki wa NeST, uliochukua nafasi ya mfumo wa awali wa TANePS. Tangu tarehe 1 Oktoba 2023 taasisi zote za umma zilitakiwa kufanya ununuzi wao ndani ya NeST. Umbali umepungua, lakini umekuja ugumu mwingine: simu yenye intaneti, na mtu anayejua kuitumia.

Nani hununua

Kosa la kwanza la wazabuni wapya ni kudhani kwamba kila kazi ya serikali iliyopo kijijini ni ya halmashauri. Barabara za vijijini zilihamishiwa TARURA, wakala ulioanza mwaka 2017. Miradi ya maji vijijini iko chini ya RUWASA tangu mwaka 2019. Hospitali ya Mvumi ni ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Central Tanganyika. Mfanyabiashara anayetaka kuwauzia wote hawa ajue kwamba kila mmoja ana mpango wake na ofisi yake.

Ndani ya halmashauri, Mkurugenzi Mtendaji ndiye Ofisa Masuuli. Chini yake kuna Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi, idara zinazohitaji vitu (elimu, afya, kilimo n.k.), timu ya tathmini na Bodi ya Zabuni. Diwani si mjumbe wa bodi hiyo, wala Mwenyekiti wa kijiji hana mamlaka ya kutoa zabuni ya halmashauri. Wapo waliopoteza fedha kwa kumlipa mtu aliyedai kwamba “ana mtu ndani”.

Kwa kijiji kama Mvumi, soko la karibu zaidi ni lile la “fosi akaunti”. Hapo halmashauri haimpi mkandarasi kazi nzima: fedha huingizwa katika akaunti ya shule au zahanati, vifaa hununuliwa, na mafundi wa mahali hapo hulipwa ufundi. Kwa kawaida huundwa kamati tatu, za ujenzi, manunuzi na mapokezi, ambazo wajumbe wake ni pamoja na wanakijiji. Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19 uliokuwa wa TSh trilioni 1.3, yalijengwa madarasa 15,000 nchini kote, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, mengi kwa njia hii. Mchanga, mawe na kokoto vilinunuliwa karibu na maeneo ya ujenzi, kwa kuwa hakuna anayefaidika kusafirisha mchanga kutoka mbali. Katika nyanda kavu za Dodoma mchanga huchotwa kwenye makorongo, na wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, magari hukwama na bei hupanda. Mzabuni mwenye akili hurundika mchanga wake wakati wa kiangazi.

Dawa na vifaa tiba vina njia yake. Zahanati na vituo vya afya hununua kwanza Bohari ya Dawa (MSD). Kinachokosekana huko hununuliwa kwa mshitiri, yaani mfanyabiashara mmoja aliyeshindanishwa kwa mkoa mzima. Mpango huu, uitwao Jazia, ulijaribiwa kwanza mkoani Dodoma mwaka 2014 kabla ya kuenezwa nchi nzima. Hivyo duka la dawa la kijijini lisitegemee sana kuiuzia zahanati.

Kujisajili

Mzabuni anahitaji namba ya mlipa kodi (TIN), leseni ya biashara inayotolewa na halmashauri, jina la biashara au kampuni iliyosajiliwa BRELA, na cheti cha kutodaiwa kodi. Anatakiwa pia kuwa na mashine ya EFD iwapo sheria ya kodi inamtaka awe nayo. Anayetaka kazi za ujenzi kama mkandarasi sharti awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB). Baada ya hapo ndipo hufungua akaunti yake katika NeST na kuchagua aina za biashara anazofanya.

Hapo pa kuchagua aina ya biashara panahitaji uangalifu. Mfumo unamwalika mzabuni kulingana na alichokiandika. Mwenye leseni ya vifaa vya ofisi tu hataweza kuomba zabuni ya maharage, hata kama ghala lake limejaa maharage ya kutosha shule tatu. Leseni na usajili visemavyo mambo mawili tofauti humtoa mtu katika hatua ya mwanzo kabisa, kabla bei yake haijaangaliwa.

Vikundi vya makundi maalumu huanzia kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ambaye huwasaidia kusajiliwa na kutambuliwa. Wenye nafasi hiyo wasiichanganye na mkopo wa asilimia 10 unaotokana na mapato ya ndani ya halmashauri (asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu). Mkopo ni mtaji unaorudishwa. Ile asilimia 30 ni soko.

Kutafuta na kuomba

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kila taasisi huandaa Mpango wa Ununuzi wa Mwaka, na tangazo la jumla la ununuzi hutolewa kuonyesha kitakachonunuliwa. Mpango huo ndio wa kusomwa kwanza, maana tangazo la zabuni yenyewe huja na muda mfupi wa kujibu. Aliyejua tangu Julai kwamba shule ya bweni itahitaji mahindi atanunua wakati wa mavuno, bei ikiwa chini.

Njia za ununuzi hutofautiana kwa thamani. Kwa kiasi kikubwa hutumika ushindani wa wazi, na kwa kiasi cha kati huombwa bei kwa wazabuni kadhaa. Mahitaji madogo yana utaratibu mwepesi zaidi. Kuigawa zabuni moja vipandevipande ili kukwepa ushindani ni kosa kisheria. Vitu vya kawaida, k.mf. shajala, hununuliwa pia kwa mikataba ya bei iliyoandaliwa na Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini (GPSA).

Anayeshinda si mwenye bei ya chini tu, bali yule ambaye, akiwa ametimiza vigezo vyote, bei yake iliyotathminiwa ndiyo ya chini. Fomu isiyojazwa, sampuli isiyoletwa au tamko la dhamana lisilosainiwa vinatosha kumwondoa.

Kabla ya mkataba, wazabuni wote walioshiriki hupewa taarifa ya kusudio la kutoa tuzo. Asiyeridhika hulalamika kwanza kwa Ofisa Masuuli, na asiporidhika tena hukata rufani kwa Mamlaka ya Rufani za Ununuzi wa Umma (PPAA). Muda wake ni mfupi, huhesabiwa kwa siku za kazi, na aliyeuacha upite hasikilizwi.

Bei na malipo

Hapa ndipo wengi huumia. Chukua mfano wa kubuni: mzabuni anapeleka unga na maharage ya TSh 5,000,000, vilivyomgharimu 4,600,000. Faida ni 400,000. Serikali inapolipa bidhaa hukata kodi ya zuio ya asilimia 2, yaani 100,000, ambayo mzabuni huidai katika hesabu za kodi yake ya mwaka. Kama mtaji wote aliukopa kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, kila mwezi wa kungoja unamla 92,000. Malipo yakichelewa miezi minne, riba ni 368,000. Amebakiwa na 32,000, na bado hajataja nauli ya lori.

Madeni ya wazabuni, hasa wa vyakula vya shule na magereza, yamezungumzwa bungeni mara nyingi. Kwa hiyo bei ya zabuni sharti ibebe muda wa kungoja, ingawa anayeuongeza sana huo muda hushindwa na mwenzake mwenye fedha zake mwenyewe. Ni ushindani usio sawa, na sheria haijautibu.

Jambo lililo mikononi mwa mzabuni ni karatasi. Asipeleke mzigo bila hati ya kuagizia (LPO) au mkataba, hata akiombwa kwa simu na mtu anayemfahamu. Mzigo ukipokelewa, apate hati ya kupokelea mali iliyosainiwa na kamati ya mapokezi, kisha awasilishe ankara siku hiyohiyo na kubaki na nakala. Ankara ya mwezi Juni ina hatari yake, kwa kuwa mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 na fedha ambazo hazikutumika zinaweza kurudi Hazina. Deni hilo huingia mwaka unaofuata na hufanyiwa uhakiki kabla ya kulipwa, na wakaguzi huanza kwa kuomba zile hati mbili: ya kuagizia na ya kupokelea.