Kitasa cha swichi

Kitasa ni kifungio chenye tundu la ufunguo kilichopachikwa ndani ya mlango au droo. Kufuli huning'inia nje, na komeo halihitaji ufunguo. Kwenye gari, jina la kitasa linaifaa silinda inayopokea ufunguo kando ya usukani. Mazoea ya kuiita swichi tu huleta utata, kwa kuwa swichi yenyewe ni kipande cha umeme kilicho nyuma ya kitasa. Ufunguo ukizunguka kwa taabu, mara nyingi kilichochakaa ni kitasa, au ufunguo wenyewe. Ukizunguka vizuri lakini taa za dashibodi zikawa zinakatika, swichi ndiyo ya kushukiwa. Asiyetofautisha hayo hununua kifaa kisichohitajika.

Katika Toyota nyingi zinazowashwa kwa ufunguo wa kuzungusha, kitasa hutolewa nyumbani bila kugusa swichi. Waya hasi wa betri hufunguliwa kwanza, kasha la plastiki chini ya usukani huondolewa, ufunguo huzungushwa hadi alama ya ACC, kisha kipini kidogo hubonyezwa kwa bisibisi nyembamba huku kitasa kikivutwa. Ufunguo ukigoma kabisa kuzunguka, kipini hakibonyezeki. Hapo kitasa hutobolewa kwa drili, na hiyo ni kazi ya fundi.