Mzigo wa chama cha wazazi usimlemee mtu mmoja

KATIKA shule nyingi za umma nchini, kamati ya wazazi huwa na majina mengi kwenye karatasi, ilhali kazi hufanywa na watu wawili au watatu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa chama cha wazazi. Mkutano mkuu wa mwaka huchagua kamati tendaji yenye mwakilishi wa kila darasa pamoja na walimu wawili.

Majukumu waliyotwikwa viongozi hawa si haba. Hutarajiwa kufuatilia lishe na afya ya wanafunzi, kutafuta fedha za ujenzi na michezo, kusimamia miradi, na kusaidia katika ushauri nasaha na nidhamu. Mzigo uliongezeka mwaka 2023, sekondari ya msingi ilipoanzishwa katika shule za msingi na madarasa zaidi yakahitajika.

Shule yenye Gredi ya Kwanza hadi ya Tisa ina angalau wawakilishi tisa. Hao wanatosha, iwapo kila mmoja atakabidhiwa kazi inayojulikana mwanzo na mwisho wake. Wawili wasimamie chakula cha mchana kwa muhula mmoja, kisha wawapishe wengine. Wawili wengine wafuatilie fundi hadi darasa liezekwe. Kumwambia mtu "utasaidia pale inapohitajika" ni sawa na kutompa kazi yoyote.

Usawa hauna maana ya kila mtu kutoa saa zile zile. Mama anayeuza mboga gulioni hawezi kuhudhuria kikao siku ya soko, lakini aweza kujua bei ya maharagwe kuliko mwenyekiti. Na mbona wanawake ndio wapangiwe uji daima, nao wanaume wapewe zabuni?

Fedha ndizo huvunja vyama vingi. Mweka hazina anayepokea michango kwa simu yake mwenyewe, akaiandika, kisha akaitumia kununua saruji, hubeba kazi ya watu watatu pamoja na lawama zao wote. Hata akiwa mwaminifu, hana shahidi. Michango ipitie akaunti ya shule, mmoja aandike, mwingine akague risiti, na hesabu isomwe mbele ya wazazi.

Ukusanyaji wa michango nao usiachiwe mwakilishi wa darasa peke yake. Sheria hairuhusu mtoto afukuzwe shuleni kwa kukosa kulipa ada za ziada, kwa hivyo silaha yake ni ushawishi tu, tena kwa majirani anaokutana nao kila siku. Akiandamana na mwenzake, maneno hupungua.

Lipo pia suala la kurithishana kazi, ambalo husahaulika mno. Mtoto akimaliza shule, mzazi wake huondoka chamani, na mara nyingi huondoka na daftari, nambari za simu za mafundi na kumbukumbu za ahadi zilizotolewa. Ndiyo maana inafaa mwenyekiti, katibu na mweka hazina wawe na manaibu ambao watoto wao wangali katika madarasa ya chini, na manaibu hao waanze kuhudhuria vikao vya fedha mapema, angalau mwaka mmoja kabla ya wakubwa wao kuondoka.