Nyumba ya Sanaa: Kumbukumbu Kutoka Upare

Katika milima ya Upare, tangu enzi za mababu, kazi ya mikono ilikuwa na wenyewe: uhunzi ulikuwa milki ya ukoo wa Washana, na ufinyanzi wa vyungu ulikuwa wa wanawake, mama akimrithisha binti, kwa hiyo mtu wa huku kwetu Same asomapo tarikhi ya Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, kinachomstaajabisha kwanza si uzuri wa kazi zilizotoka humo, bali ni kwamba mlango wake haukudai ukoo wala shahada.

Nyumba hiyo iliasisiwa mwaka 1972 na mtawa wa Kimarekani wa shirika la Maryknoll, Sista Jean Pruitt, aliyewakusanya vijana wenye kipaji lakini wasio na ajira, akawapatia mahali pa kufanyia kazi, zana na soko. Humo walipitia Augustino Malaba, Robino Ntila na Patrick Francis Imanjama. Lakini aliyeitangaza nyumba hiyo kupita wote ni yule aliyeajiriwa kuilinda. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, aliletwa pale na mjomba wake Malaba akawa mlinzi wa usiku, na haukupita muda mrefu ila rungu likabadilishwa kwa brashi. Mashetani wake wenye masikio mapana, matumbo yaliyofura na midomo iliyochomoza, aliowachonga kwanza katika mti, akawahamishia katika ngozi za mbuzi, katika chuma na katika batiki.

Batiki, kwa asiyeijua, ni kazi ya subira: nta ya moto hupakwa juu ya kitambaa mahali pasipotakiwa rangi, kitambaa kikachovywa, kikakaushwa, kikapakwa tena na kuchovywa tena, hata mwisho nta ikatolewa kwa maji yachemkayo, na pale nta ilipopasuka, rangi hupenya ikaacha mishipa myembamba, ambayo kwa fundi mwanagenzi ni aibu na kwa fundi hodari ni pambo.

Mwaka 1978 kazi za Lilanga zilionyeshwa Washington. Mwaka 1983 nyumba ikapata jengo jipya katikati ya jiji, ambalo baadaye liliitwa kwa jina la Mwalimu Julius K. Nyerere. Insafu yataka niseme kwamba wanunuzi aghalabu walikuwa wageni, ilhali raia wa kawaida aliingia, akatazama, akatoka mikono mitupu. Nami sioni kuwa kutazama huko kulikuwa hasara, maana hata huku kwetu chungu kizuri hutazamwa na wengi kabla ya kununuliwa na mmoja.

Lilanga alifariki mwaka 2005, na jengo nalo limekwisha kubomolewa, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa msiba wa umma. Desturi ya kuwapa wasanii mahali pa kazi, hata hivyo, haikukatika: tangu mwaka 2008 kuna Nafasi Art Space huko Mikocheni, ambako makontena ya mizigo yamegeuzwa karakana za wachoraji na wachongaji, na ambako kijana ateremkaye kutoka Same anaweza kumkuta msanii kazini na kumwuliza rangi ile ameichanganyaje.