Kiporo Kilichozaa Chakula Kipya

Somo letu la leo ni la historia. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya matano: kiporo, ngano, rola, hataza, sumukuvu. Kila tukifika kwenye neno mojawapo, litafute ubaoni, ulisome kwa sauti.

Pengine ukisikia neno historia unafikiri juu ya vita na wafalme. Lakini chungu nacho kina historia yake. Hebu nikuulize: asubuhi unafunua chungu na kukuta chakula kimebaki. Utakitupa? Utakila hivyo hivyo? Au utajaribu kukigeuza kiwe chakula kingine? Mwaka 1894 swali la namna hii liliwapata ndugu wawili katika mji wa Battle Creek, jimbo la Michigan, nchi ya Marekani. Jibu lao lilibadili chakula cha asubuhi cha watu wengi duniani.

Mkubwa aliitwa John Harvey Kellogg, naye alikuwa daktari. Tangu mwaka 1876 aliongoza hospitali kubwa ya mapumziko katika mji huo. Mdogo wake, Will Keith Kellogg, alishika kazi ya hesabu na usimamizi. Wagonjwa wa hospitali hiyo hawakupewa nyama. Walikula nafaka, matunda, njugu na mboga. Basi kila siku palikuwa na shida moja: nafaka ile ile ipikwe vipi ili wagonjwa wasiichoke? Kwa ajili hiyo hospitali ilikuwa na jiko la majaribio, na Ella, mke wa daktari, alifanya kazi kubwa katika jiko hilo.

Ndugu hawa walikuwa wakichemsha ngano, kisha wakiipitisha kwenye rola. Rola ni magogo mawili ya chuma yanayozunguka yakiwa yamekaribiana, na kinachopita katikati hubanwa. Walitaka ngano itoke ikiwa bapa, lakini ilitoka kama donge la kunata.

Siku moja ngano iliyokwisha kuchemshwa iliachwa, maana wapishi walishughulika na mambo mengine. Waliporudi, ilikuwa imelala. Ilikuwa kiporo. Wangeweza kuimwaga, lakini ngano ilinunuliwa kwa fedha, nao hawakupenda hasara. Wakaipitisha kwenye rola hivyo hivyo. Ajabu! Haikutoka donge. Kila punje ilitoka peke yake, nyembamba kama gamba la samaki. Wakayaoka magamba hayo mpaka yakakauka na kuwa matamu kutafuna. Wagonjwa wakayapenda, wakaomba tena.

Simulizi za ndugu hao wawili hazipatani katika kila jambo. Kila mmoja alidai kuwa wazo kubwa lilikuwa lake. Lakini juu ya ngano iliyolala hakuna shaka: ndiyo iliyofungua njia.

Sasa tuulize: kwa nini kiporo kilifaa kuliko ngano ya moto? Punje iliyotoka kwenye sufuria sasa hivi ina maji mengi kwa nje, na ndani ina maji machache. Ukiibana, inanata na kuvurugika. Ukiiacha ikae, maji huenea polepole mpaka yawe sawasawa ndani na nje, na punje hupata ugumu kidogo. Ukiibana wakati huo, inatandazika bila kushikana na mwenzake.

Nawe msomaji umekwisha kuliona jambo linalofanana na hilo. Wali wa moto ukiukaanga hushikana, lakini wali uliopoa hukaangika punje moja moja. Ugali wa moto haukatiki vizuri, lakini ugali uliopoa hukatwa vipande na kuchomwa juu ya makaa. Wanga uliopikwa ukipoa huwa mgumu. Mama zetu walilijua hili kwa mikono yao kabla halijaandikwa kitabuni.

Basi, je, bahati peke yake iliwafaa akina Kellogg? Hapana. Watu wengi wameacha chakula kikalala, wala hawakuvumbua kitu. Hawa walifanya mambo matatu. Kwanza, hawakutupa kabla ya kujaribu. Pili, walirudia jaribio ili wajue ngano ilazwe kwa muda gani. Tatu, waliandika. Mwezi Mei mwaka 1895 daktari alipeleka maombi serikalini ili apewe hataza. Hataza ni hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi, ili mwingine asiutumie uvumbuzi wake bila ruhusa. Aliipata tarehe 14 Aprili 1896.

Hapa pana jambo la kusikitisha. Hati hiyo ilikuwa na jina la daktari peke yake. Jina la mdogo mtu halikuwamo, ingawa naye alitoa jasho jikoni. Baadaye Will alijaribu mahindi badala ya ngano, na mwaka 1906 akaanzisha kampuni yake ya kuuza magamba ya mahindi, ambayo leo tunayaita konfleksi. Aliongeza sukari, na daktari hakupendezwa. Ndugu wakashtakiana juu ya haki ya kutumia jina la Kellogg katika biashara. Mwaka 1920 mahakama kuu ya jimbo ilimpa Will ushindi. Chakula kiliokolewa, lakini undugu uliharibika. Ndiyo maana ni vizuri watu wanaofanya kazi pamoja waandike mapema nani amefanya nini. Hii nayo ni faida ya kujua kusoma na kuandika.

Sasa turudi kwenye chungu chako. Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli kwa fedha na kwa elimu. Akiba ya chunguni huoza. Kwa hiyo ujanja wa kuokoa kiporo lazima uende pamoja na ujuzi wa kukikataa.

Wengine husimulia kuwa ngano ya akina Kellogg ilikuwa imeanza kuota ukungu. Hapo usiwafuate. Ukungu mwingine hutia nafaka sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 1993 au 2003, mwaka wowote ule, sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kupikwa kwa kawaida. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walikufa. Walikuwa watu waliotaka kula chakula chao wenyewe. Nafaka yenye ukungu si akiba tena. Usiipike, wala usimpe mnyama.

Wali nao una hatari yake. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa kwenye joto kwa saa nyingi, huzaliana na kutoa sumu ambayo hata ukipasha moto haiondoki. Basi wali uliobaki upozwe upesi, uwekwe mahali pa baridi, na ukipashwa uwe moto kweli mpaka katikati. Kama huna jokofu na nchi yako ni ya joto, njia bora ni kupima kabla ya kupika, ili usibaki.

Lakini mkate uliokauka, usio na ukungu, usiutupe. Uchovye kwenye yai na maziwa, uukaange. Chapati ya asubuhi iliyobaki, ikate vipande mchana, uichanganye na mchuzi. Jaribu kidogo kwanza, si chungu kizima. Kikifaa, andika kwenye daftari: ulitumia nini, kiasi gani, muda gani. Hivyo ndivyo jaribio la leo linavyokuwa ujuzi wa kesho.

Kazi ya darasani:
1. Kwa nini ngano iliyolala haikunata kwenye rola?
2. Taja mambo matatu waliyoyafanya akina Kellogg baada ya kuona kiporo chao.
3. Nyumbani kwenu chakula gani hubaki mara nyingi asubuhi? Kipi huokolewa, na kipi yafaa kutupwa? Zungumzeni, kisha kila mmoja aandike sentensi 3.