Padri, mafuvu na swali la Adamu

Ukisimama Dakawa asubuhi, kwenye majaruba ya mpunga yanayonyweshwa na Mto Wami, unaiona milima pande mbili: kusini Uluguru, kaskazini Nguru. Juu katika misitu ya Uluguru anaishi chozi wa Loveridge, ndege mdogo afyonzaye mbochi ya maua, asiyepatikana kwingine kokote duniani. Nguru ina wake, chozi wa Moreau. Wanafanana kama ndugu, lakini kila mmoja ni wa aina yake. Kati yao imelala tambarare hii ya joto, ambayo ndege wa msitu wa baridi haivuki. Wanasayansi wanasema ukoo ulitengana, na kila upande ukabadilika kizazi baada ya kizazi.

Chini ya milima hiyohiyo mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Morogoro mwaka 1882, na watoto wakafundishwa katekisimu: Mungu ndiye muumba wa vyote. Mtoto atokaye katekisimu akaingia somo la baiolojia hujiuliza ashike lipi. Swali hilo lilimwandama padri mmoja Mfaransa hadi kaburini, na sehemu ya jibu lake ilikuwa imefukiwa katika ardhi yetu.

Pierre Teilhard de Chardin alizaliwa mwaka 1881 huko Auvergne, nchi ya volkeno zilizozimika. Alijiunga na Wajesuiti akiwa kijana wa miaka 17. Kati ya 1905 na 1908 alifundisha fizikia na kemia Cairo. Ndipo alipoijua Afrika kwa mara ya kwanza. Alipewa upadri mwaka 1911, na katika Vita Kuu ya Kwanza akabeba majeruhi kwa machela. Mwaka 1922 alipata udaktari wa sayansi Paris, akafundisha jiolojia katika Taasisi ya Kikatoliki ya mji huo.

Mwaka huohuo mwenzake mmoja alimwomba aandike mawazo yake juu ya dhambi ya asili. Aliandika kurasa chache, si za kuchapishwa. Ugumu ulikuwa wazi: ikiwa mwanadamu alitokea hatua kwa hatua kwa muda mrefu mno, Adamu na anguko lake tuwaweke wapi? Kurasa zile zikafika Roma.

Kabla hukumu haijatoka, mwaka 1923 alikuwa jangwa la Ordos, China, akitafuta visukuku. Siku moja alitaka kuadhimisha Misa, lakini hakuwa na mkate, wala divai, wala altare. Akaifanya dunia nzima kuwa altare: kazi yote ambayo watu wangeifanya siku ile ikawa mkate wake, na mateso yote ambayo wangeyapata yakawa divai. Humo ndimo imani yake ilimokaa. Kwake uumbaji haukuwa kazi iliyokwisha zamani. Mungu bado anaumba, akivijalia viumbe nguvu ya kukua kuelekea kwa Kristo.

Mwaka 1925 wakubwa wake walimtaka atie sahihi tamko la kukubali mafundisho ya Kanisa kama walivyoyaeleza. Aliumia, akawauliza marafiki aliowaamini, kisha akatia sahihi. Nafasi ya kufundisha Paris ikamtoka, akarudi China. Huko alikuwa mmoja wa wanajiolojia wa Zhoukoudian, mahali ambapo Pei Wenzhong alichimbua fuvu la zamadamu wa Peking, Desemba 1929. Kitabu chake kikubwa juu ya mwanadamu alikimaliza Beijing mwaka 1940. Mwaka 1948 alikwenda Roma mwenyewe kuomba ruhusa ya kukichapisha. Akanyimwa, akanyamaza, lakini hakuliacha shirika lake.

Katika uzee macho yake yaligeukia Afrika. Alikwenda kuyaona machimbo ya zamadamu Afrika Kusini mwaka 1951, akarudi tena kusini mwa bara hili mwaka 1953. Aliamini kwamba chimbuko la binadamu litafutwe huku. Alifariki New York tarehe 10 Aprili 1955, siku ya Pasaka, na kitabu chake kikatoka mwaka huohuo. Miaka minne baadaye, tarehe 17 Julai 1959, mtafiti Mary Leakey aliona meno yakichomoza ardhini Bonde la Olduvai, hapa Tanzania: fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus, wa miaka milioni 1.75 hivi.

Kanisa lilitembea kwa hatua zake. Mwaka 1950 Papa Pius XII aliruhusu uchunguzi juu ya asili ya mwili wa binadamu, akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1962 Roma ilitoa onyo dhidi ya maandiko ya Teilhard. Mwaka 1996 Yohane Paulo II alisema mageuko ni zaidi ya nadharia tete. Mwaka 2015 Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si', aliutaja mchango wa Teilhard katika tanbihi.

Ni maneno machache, chini ya ukurasa, lakini yameandikwa na Papa. Swali la Adamu bado linawashughulisha wanateolojia. Hata hivyo mtoto wa Dakawa aliyelelewa kwa katekisimu anaweza kupanda Uluguru, amtazame chozi wake, ayasome yote aliyofunzwa na baiolojia, kisha ashuke kwenda Misa. Alitangulia padri mmoja, akailipia njia hiyo kwa miaka 30 ya kunyamazishwa.