NYUMBA YA MJI MKONGWE NA SUALA LA PAA

Mhariri wa jarida letu alinitaka niandike juu ya historia ya Mji Mkongwe wa Unguja, kwa kuwa miongoni mwa wanafunzi wa zamani wa skuli yetu mimi ni mmoja wa wachache walionunua nyumba huko. Nilikubali upesi, kisha nikaona haya, maana kwa hakika sikununua nyumba. Nilinunua ghorofa moja ya nyumba. Chini yangu yuko mwenyewe mwengine, na juu yangu yuko mwengine tena. Tofauti hiyo si ndogo, na ndani yake imo sehemu kubwa ya historia niliyotakiwa niieleze.

Mji huu wa mawe, kama tuuonavyo, ni kazi ya karne ya 19 kuliko ya karne nyengine yoyote. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kuondoshwa mwishoni mwa karne ya 17, lakini majumba mengi yalikuja baadaye sana. Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, na mikarafuu ikashika mashamba, ndipo ilipopatikana fedha ya kujengea. Tuseme kweli mbele ya vijana wetu: fedha hiyo ilitokana pia na jasho la watumwa, waliochuma karafuu na waliouzwa katika soko la Mkunazini mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Uzuri wa mji na dhuluma hiyo vimekaa nyumba moja, na msomi wa historia hana ruhusa ya kutazama kimoja na kukifumbia macho cha pili.

Waliojenga hawakujenga kwa namna moja. Nyumba ya Kiarabu ilizunguka ua wa ndani, nje ikiwa na kuta tupu na mlango wa nakshi. Nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi ilikuwa na duka chini, likielekea njiani, na familia ikikaa juu. Vifaa, hata hivyo, vilikuwa vile vile: mawe ya matumbawe, chokaa, udongo, na boriti za mikoko. Boriti hizo ndizo zilizoamua upana wa vyumba. Mkoko hauvuki nafasi kubwa, kwa hiyo vyumba vyetu ni virefu lakini vyembamba, aghalabu mita 3 hivi au pungufu. Anayenunua kitanda kikubwa dukani bila ya kupima kwanza hujuta.

Ukuta wa namna hii ni mnene na una nguvu, lakini una adui mmoja, nayo ni maji. Mvua ikipenya juu, udongo uliomo baina ya mawe hulainika, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani huanza kuoza mahali pasipoonekana. Ndiyo maana mafundi wazee husema kwamba nyumba ya mawe hufa kuanzia kichwani. Ukiitia saruji nje ili ipendeze, huenda ukaharakisha maradhi, kwa sababu chokaa huuacha ukuta upumue, na saruji huufungia unyevu ndani.

Zamani suala la nani ashughulikie paa halikuwa gumu. Nyumba ilikuwa na mwenyewe mmoja, naye mara nyingi akikaa humo humo. Ikiwa ni ya wakfu, alikuwepo msimamizi, na kodi za maduka ya chini zilisaidia kulipia matengenezo. Sisemi kwamba kila mwenye nyumba alikuwa mwema. Nasema tu kwamba maji yakivuja, ilijulikana mlango wa kugonga.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 mambo yalibadilika. Ardhi ilifanywa mali ya umma mwaka 1965, wenye nyumba wengi walikuwa wameondoka au waliondoka baadaye, na majumba yao yakaingia mikononi mwa Serikali. Waliopewa vyumba walikuwa watu wa Ng'ambo, wa mashamba na wa Pemba, ambao wengi wao hawajapata kulala chini ya dari ya boriti. Ilikuwa haki kubwa kwao, na sitakubali mtu aidharau. Lakini nyumba ya familia moja ikawa ya familia sita au nane, kodi ikawa ndogo mno kulipia hata chokaa, na nguvu za ujenzi zikaelekezwa Ng'ambo, yalikoinuka majumba marefu ya Michenzani. Ng'ambo ilikuwa imesahauliwa miaka mingi, na ilistahiki zamu yake. Ila zamu ya mmoja ilipofika, wa pili akaachwa chini ya mvua.

Hayo sikuyasoma vitabuni tu. Nilipokuwa mwanafunzi nilikaa kwa shangazi yangu, katika chumba kimoja cha nyumba ya Serikali upande wa Malindi. Wakati wa masika tulipanga ndoo tatu na sufuria moja, na mimi nikafanya hesabu za skuli nikizisikiliza zinavyojaa. Siku moja nilimuuliza kwa nini watu wa nyumba ile hawachangi wakaziba paa. Akanijibu, "Mwanangu, nichangie paa la nani? La Serikali si langu, na la wote si la mtu." Masika yaliyofuata ngazi ilianguka usiku. Alhamdulillahi, hakuna aliyekuwepo juu yake. Tulihama asubuhi, na shangazi hakurudi tena Mji Mkongwe mpaka alipofariki.

Katika miaka ya 1980 nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kuanguka au zimebaki magofu. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, sheria yake ikapitishwa mwaka 1994, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katika kipindi hicho Serikali iliuza baadhi ya nyumba zake kwa watu binafsi. Biashara ya utalii nayo ikaja na fedha zake. Mapaa mengi yalizibwa, na hilo ni jema. Lakini nyumba ikishageuzwa hoteli, watoto wake hawaji tena kujaza madarasa ya skuli zetu, na baraza yake haikaliwi tena na wazee wa mtaa.

Nami nilipotaka kununua, baada ya miaka 11 ya kujiwekea akiba na mkopo wa benki juu yake, nilijifunza mambo ambayo napenda ndugu zangu wayajue. Kwanza, ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na sheria ya mwaka 1992 inampa mtu haki ya kuitumia; kwa hiyo isome hati kwa makini ujue unauziwa nini. Pili, ulizia warithi wote, hata walio Maskati au Dubai, kwani sahihi moja iliyokosekana huweza kukupeleka mahakamani. Tatu, hakikisha katika Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwamba nyumba si ya wakfu, maana ya wakfu haiuzwi kama mali nyengine. Nne, usibomoe wala usiongeze kitu bila ya kibali cha Mamlaka. Tano, mpandishe fundi juu kabla hujalipa hata shilingi.

Hilo la tano mimi sikulitimiza. Nilitazama dari yangu, nikaiona kavu, nikaridhika. Kumbe ilikuwa kiangazi. Masika ya kwanza maji yalipita kwa jirani wa juu yakafika kwangu. Jirani huyo akasema paa ni letu sote, wala hawezi kulitengeneza peke yake. Mwenye duka la chini akasema kwake hapavuji. Mimi, msomi wa chuo kikuu na mtumishi wa Serikali, nikajisikia nasema maneno yale yale ya shangazi: la wote si la mtu. Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya maji tu.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Wiki ile mwenye duka alipanda ngazi mwenyewe, akabisha hodi, akasema, "Jamaa, tukae tuzungumze." Tulikaa mara nne. Tuliandikiana kwamba gharama za paa, mifereji na ngazi zigawiwe mafungu matatu, kila mwezi kila mtu atoe fungu lake, na fundi apande kabla ya kila masika. Sheria ya mwaka 2010 inatambua umiliki wa nyumba kwa sehemu, lakini karatasi ya sheria haipandi juu kuziba tundu. Hupanda mtu.

Mwaka uliopita mtu wa hoteli alitaka kuinunua nyumba nzima, na bei yake ilikuwa nzuri. Wawili tulikataa. Wa tatu ana watoto wa kusomesha, bado anafikiri, wala sithubutu kumlaumu. Huenda toleo lijalo la jarida hili nikawa nakaa kwengine.

Wanafunzi wa leo mnaopita vichochoro vile kila asubuhi, inueni macho mtazame juu ya milango ya nakshi mnayopenda kupigia picha. Mkiona jani limeota ukutani karibu na bati, jueni maji yameshaingia. Nanyi wakubwa wenzangu mnaotaka kununua, msianze kwa kuuliza bei. Ulizeni kwanza nani hupanda juu mvua inapokaribia, na mkiambiwa hakuna, basi jitayarisheni kuwa nyinyi.